Maswali ya Bustani: Baridi Imeingia, Wakulima Tukutane Wapi?

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji walio Ulaya na Amerika Kaskazini, na karibu zote zina swali moja: bustani imelala, je, kuna la kufanya pamoja na wenzetu kabla ya Machi? Lipo, tena jingi kuliko la kiangazi. Mbegu za bure, vikonyo vya kupandikiza miti ya matunda na miche ya bei nafuu hupatikana kati ya Novemba na Machi, na hugawiwa watu wakiwa wamekusanyika. Anayengoja jua ndipo atoke hukuta meza zimeshakunjwa.

Tunataka kuandaa siku ya kubadilishana mbegu

*Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Leicester, wengine wa Mombasa, wengine wa Bujumbura na Bukavu. Kila mmoja ana mbegu zake kidogo: mchicha, maharage, maboga. Tumepata ukumbi kwa Jumamosi moja. Tuanzie wapi, na sheria inaturuhusu? – Mama wa Leicester*

Hongereni mama zetu. Tuanze na sheria, maana ndiyo inayowatia watu hofu. Nchini Uingereza mbegu za mboga zinazouzwa zinapaswa kuwa za aina zilizosajiliwa. Kupeana na kubadilishana si kuuza. Basi ukumbini pasitajwe bei ya mbegu hata kidogo. Wekeni kopo la mchango wa ukumbi mlangoni, uzeni chai na mahamri mkipenda, ila pakiti ya mbegu iende kwa pakiti ya mbegu, au itolewe bure.

La pili ni mbegu zilizosafiri kwenye begi. Mbegu za kupanda zinazotoka Afrika Mashariki kwa kawaida huhitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa Kenya hutolewa na KEPHIS na kwa Tanzania na TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo. Iliyoingia bila cheti isifike mezani, hata kama ni ya bibi. Virusi na bakteria husafiri na mbegu, hasa za nyanya na pilipili, na mkiwagawia watu arobaini mmesambaza ugonjwa katika bustani arobaini kwa mchana mmoja. Zilizovunwa hapohapo Uingereza hazihitaji cheti hicho.

Tarehe iwe kati ya Jumamosi ya mwisho ya Januari na katikati ya Februari. Pilipili na biringanya huanza kuoteshwa ndani Februari, nyanya Februari hadi Machi, kwa hiyo mtu anayepata mbegu mwezi wa Aprili ameshachelewa msimu mzima. Kama hamjawahi kuona shughuli ya namna hii, nendeni kwanza Brighton kwenye Seedy Sunday, mojawapo ya magulio ya mbegu yanayojulikana zaidi nchini humo. Kanada huita zao Seedy Saturday, desturi iliyoanzia Vancouver, na Marekani Jumamosi ya mwisho ya Januari imekuwa siku ya kitaifa ya kubadilishana mbegu tangu 2006.

Sasa mbegu zenyewe, na hapa ndipo magulio mengi huharibika. Si kila mbegu inarudisha mmea uleule. Maharage, njegere, nyanya na saladi hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mbegu yake huaminika hata kwa mkulima mgeni. Maboga ni kinyume kabisa: nyuki hubeba chavua mamia ya mita, na boga lako huenda limechanganyika na la jirani au na vibuyu vya mapambo. Mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuzaa tunda chungu lenye sumu ya kuumiza tumbo. Mwenye kuleta mbegu za maboga aeleze kama ua lilifungwa kwa kitambaa na kuchavushwa kwa mkono. Kama sivyo, bahasha iandikwe «ya majani tu», na hapo bado ina thamani kwa wapenzi wa majani ya maboga. Na yeyote atakayevuna tunda la mbegu isiyojulikana alambe kipande kidogo kibichi kwanza. Likiwa chungu ateme, na alitupe lote.

Sukuma wiki hutoa maua mwaka wa pili, baada ya kupitia baridi, na huchanganyika na kabichi na brokoli zilizo karibu. Mbegu yake nzuri hutoka kwenye kundi la mimea, si mmoja. Kwa gulio la kwanza iacheni. Mchicha nao huchavushwa zaidi na upepo, ila ukipandwa peke yake mbali na mchicha mwingine hutunza asili yake vizuri. Mbegu chotara zilizoandikwa F1 kwenye pakiti ya duka zinaweza kuletwa zikiwa bado kwenye pakiti yake. Zilizokamuliwa kutoka kwenye tunda la F1 zisiletwe, kwa sababu watoto wake hutofautiana na mama.

Viazi mbatata, mizizi na kitu chochote chenye udongo visiingie ukumbini. Kiazi cha jikoni hubeba virusi na ukungu wa bakajani chelewa bila kuonyesha dalili yoyote.

Wiki tatu kabla, kila anayeleta apime uotaji. Mbegu 20 kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunjwe, iingizwe kwenye mfuko wa plastiki, ikae mahali penye nyuzijoto 20 hadi 25. Baada ya siku 7 hadi 10 hesabu zilizoota. Zikifika 16 mbegu ni nzuri. Zikiwa 10 hadi 15 andika «zipandwe kwa wingi». Chini ya 10, baki nazo nyumbani uzimalize mwenyewe. Vitunguu hupoteza nguvu ndani ya mwaka mmoja au miwili, maharage hukaa miaka 3 au 4, nyanya miaka 4 na zaidi zikiwa kavu.

Ukavu wa maharage hupimwa kwa nyundo: punje moja juu ya jiwe, pigo moja. Ikipasuka vipande imekauka. Ikibonyea bado ina maji na itavunda kwenye bahasha. Kwa fukusi, maharage yaliyokauka kabisa yawekwe kwenye chupa iliyofungwa, yakae kwenye freeza siku 3 hadi 7, kisha chupa iachwe ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa huganda juu ya punje na kazi yote inaharibika.

Bahasha ziwe za karatasi. Kila moja iandikwe aina, mwaka wa kuvuna, mahali ilipolimwa, na kama ilichavuka bila kutengwa. Vipimo vinavyotosha familia moja: maharage punje 15 hadi 20, nyanya 20, mchicha robo ya kijiko cha chai. Watu hupenda kujaza bahasha, na kufika saa ya pili meza imebaki tupu.

Siku yenyewe saa 3 zinatosha, tuseme saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana. Adhuhuri inaingia baada ya saa 6, kwa hiyo tengeni kona ya swala mapema. Weka meza ya mapokezi mlangoni na watu wawili wanaojua mbegu: hapo ndipo bahasha isiyo na jina hukataliwa kwa upole, au huandikwa upya mwenyewe akiwepo. Ndani, meza zipangwe kwa ukoo: mikunde, jamii ya nyanya, majani, jamii ya boga, viungo na maua. Nusu saa ya kwanza kila mtu achukue bahasha 5 tu, hata aliyekuja mikono mitupu. Baadaye fungueni.

Ombi letu moja: waalikeni wazee wa Kiingereza wa viwanja vya bustani vya halmashauri. Wana maharage waliyoyavuna na kuyarudishia ardhini mwaka baada ya mwaka palepale mjini, na hayo yatawafaa kuliko kunde na bamia ambazo nje, katika kiangazi cha Leicester, hunyong'onyea. Ninyi mnajua kula majani ambayo wao huyatupa kwenye mboji. Kila upande unahitaji kilicho kwa mwenzake.

Madumu ya maziwa kwenye theluji

*Msikiti wetu hapa Minneapolis unataka shughuli ya bustani kwa watoto mwezi Januari. Nimesikia watu hupanda mbegu ndani ya madumu ya maziwa na kuyaacha nje kwenye theluji. Inawezekana kweli? Theluji haiui mbegu? – Baba wa watoto wanne*

Inawezekana, kaka, na kwa watoto hakuna shughuli bora zaidi kwa mwezi huo. Mbegu za mimea ya asili ya huko hazifi kwa baridi, nyingi zinaihitaji. Milkweed, chakula cha viwavi wa vipepeo wa monarch, huota vizuri baada ya kukaa kwenye unyevu na baridi kwa siku 30 au zaidi. Dumu nje hufanya kazi hiyo bila jokofu.

Kila mtoto apate dumu la galoni moja, lile la plastiki inayopitisha mwanga. Mtu mzima atoboe matundu 6 hadi 8 chini kwa bisibisi iliyopashwa moto, kila tundu upana wa milimita 6 hivi, kisha akate kiuno cha dumu kwa sentimita 10 kutoka chini, akiacha sehemu ya chini ya mkono bila kukatwa ili iwe bawaba. Udongo wa kuoteshea, uliolowana lakini usiodondosha maji ukiubana, ujae sentimita 8. Udongo wa bustani usitumike: huganda kuwa tofali, na una magugu. Mbegu za milkweed zifunikwe kwa udongo wa nusu sentimita. Zile laini kama vumbi ziachwe juu, zikandamizwe kwa kiganja. Funga kiuno kwa tepu pana. Kifuniko cha mdomo kitupwe, kwa kuwa mvua na theluji huingilia hapo.

Jina la mmea liandikwe mara mbili, juu ya dumu na kwenye kipande cha plastiki ndani ya udongo. Wino wa maka peni hupauka kwa jua kabla ya Aprili, penseli hudumu.

Madumu yakae nje mahali panapopata mvua, si chini ya paa. Yakifunikwa na theluji, yaache. Hatari haimo Januari, imo Aprili: siku moja ya jua kali hupika miche ndani ya dumu lililofungwa, na udongo hukauka kwa siku mbili. Mara miche inapochomoza, mchana fungua tepu, usiku funga kama sakitu inatarajiwa, na mwagilia kwa kuliweka dumu ndani ya beseni la maji. Wapeni wazazi karatasi yenye maelezo hayo siku ileile, kwa sababu dumu hufia mikononi mwao, si mwa watoto.

Sukuma wiki, spinachi na saladi hupandwa hivyo pia, mwezi Machi. Nyanya zingoje Aprili. Mchicha na bamia msijaribu.

Kuhesabu ndege bila kujua majina yao

*Jirani yangu wa Barking kanialika tuhesabu ndege mwishoni mwa Januari. Nawajua kunguru, njiwa na shomoro tu. Sitawaharibia hesabu? – Msomaji wa kike, London mashariki*

Hutaharibu, dada. Hesabu hiyo ni Big Garden Birdwatch ya RSPB, shirika la kulinda ndege, inayofanyika wikendi ya mwisho ya Januari tangu 1979. Unakaa saa moja, dirishani au kwenye bustani ya mtaa, na kuandika ndege waliotua. Wanaopita angani hawahesabiwi.

Kosa la wengi ni kujumlisha. Ukiona shomoro 3 saa 3:10 asubuhi, 5 saa 3:30 na 2 saa 3:50, jibu ni 5, siyo 10. Unaandika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja, maana shomoro yuleyule huenda na kurudi. Na kama saa nzima hakuja ndege, tuma hivyohivyo. Bustani isiyo na ndege ni habari ambayo watafiti wanaihitaji. Kwa majina, mwulize jirani, au pakua Merlin, programu ya bure ya maabara ya ndege ya Cornell. Ila usiandike ndege kwa sababu programu imesikia sauti yake: kwenye hesabu hii awe ametua na umemwona.

Kuwavutia, weka mbegu za alizeti wiki mbili kabla. Usiweke mabaki ya pilau, kwa kuwa chumvi huwadhuru, wala mafuta ya nyama yaliyobaki kwenye kikaango, ambayo hugandia manyoya. Chombo cha chakula kioshwe kila wiki na kukauka kabla ya kujazwa. Kuna vimelea vya koo vinavyoenea kwenye vyombo vichafu, na vimeua ndege wengi wa jamii ya chiriku Uingereza. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamefumuka na haruki ukimsogelea, ondoa chakula chote mara moja ili watawanyike.

Kwa walio Marekani na Kanada, hesabu ya zamani zaidi ni Christmas Bird Count, iliyoanzishwa na Frank Chapman tarehe 25 Desemba 1900. Siku hizi hufanyika kati ya 14 Desemba na 5 Januari, kila kundi likipita ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 24, na mgeni huwekwa pamoja na mzoefu. Ile ya Februari, Great Backyard Bird Count, huchukua siku 4 na inahitaji dakika 15 tu. Tangu 2013 ni ya dunia nzima, kwa hiyo mama yako akiwa Tanga naye anaweza kukaa barazani asubuhi ileile na kutuma hesabu yake.

Sherehe ya mitofaa yenye pombe

*Bustani ya matunda ya mtaa wetu hapa Bristol hufanya sherehe ya kuimbia mitofaa mwezi Januari. Wanakunywa saida ya tofaa, yenye kileo. Sisi ni Waislamu lakini tunapenda miti. Twende? Nasikia pia wanafundisha kupogoa. – Mzee wa miaka 71*

Shikamoo mzee wetu. Desturi hiyo huitwa wassail, ni ya zamani katika nchi za mitofaa za kusini-magharibi mwa Uingereza, na sehemu nyingi hufanyika tarehe 17 Januari au wikendi ya karibu. Watu huimbia mti, hutundika mkate uliochovywa kwenye kinywaji katika matawi, hupiga masufuria ili kufukuza balaa. La dini utamwuliza sheikh wako. La bustani ni hili: bustani nyingi za mtaa hufundisha kupogoa mchana na kuimba jioni, na juisi ya tofaa ya moto mara nyingi ipo. Waandikie waandaaji, uliza saa ya mafunzo, uende saa hiyo.

Mafunzo hayo yasikupite. Mtofaa na mpeasi hupogolewa ukiwa umelala, Novemba hadi mwanzo wa Machi. Mplamu na mcheri usiguswe msimu huo. Kuvu wa jani la fedha huingia kwenye kidonda cha baridi, kwa hiyo hiyo hukatwa kiangazi. Anza na matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi, usiuache mguu mrefu wala usiufyeke uvimbe wenyewe, kwani ndio unaoziba kidonda. Usitoe zaidi ya moja ya tano ya mti kwa mwaka. Ukizidisha, mti hujibu kwa fimbo nyingi zilizosimama wima, zenye majani bila tunda, na utatumia miaka miwili kuzipunguza. Msumeno ufutwe kwa spiriti unapohama mti.

Katika matawi yanayoanguka, okota vikonyo: chipukizi la mwaka mmoja, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 30. Andika aina, funga kwenye gazeti lenye unyevu, kisha mfuko wa plastiki, weka kwenye jokofu nyuzi 1 hadi 4. Pasiwe na matofaa kwenye jokofu hilo, kwa sababu gesi ya tunda linaloiva huua macho ya kikonyo. Machi au mwanzo wa Aprili utakipandikiza juu ya mche wa shina, yaani mche wenye mizizi utakaobeba kikonyo chako. Omba shina la aina ya MM106 ukiwa na uwanja wa kutosha, maana mti wake hufika mita 4 hivi. M9 ukitaka mti mfupi, ila huo utahitaji nguzo ya kuushikilia maisha yake yote.

Siku ya kupanda miti: nivae nini?

*Nimejiandikisha kupanda miti Desemba na kikundi cha mtaa, Manchester. Ni baridi yangu ya kwanza. – Mwanafunzi kutoka Morogoro*

Mdogo wetu, acha jinzi na soksi za pamba nyumbani. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukuibia joto. Vaa fulana ya sintetiki au sufu, sweta la sufu, koti lisilopitisha upepo, soksi nene na buti za mvua zenye nafasi ya vidole kusogea. Buti inayobana huzuia damu na miguu hufa ganzi. Glavu chukua jozi mbili, kwa kuwa ya kwanza italowa kabla ya saa nne. Tarajia pia kuvua sweta baada ya robo saa ya kuchimba.

Miche utakayopewa itakuwa na mizizi mitupu, bila udongo. Hiyo ndiyo sababu kazi hufanyika Novemba hadi Machi, na sababu ya bei yake kuwa ndogo. Mizizi hiyo ikipigwa na upepo dakika chache tu, nyuzi zake nyembamba hufa, na mche utakauka Mei huku watu wakilaumu udongo. Usibebe miche mkononi. Ibaki ndani ya mfuko, utoe mmoja baada ya mwingine, shimo likiwa tayari.

Kwa miche midogo, chomeka sepetu, isukume mbele na nyuma ufungue mwanya, ingiza mizizi yote chini, kisha pandisha mche mpaka alama ya udongo wa kitalu ilingane na uso wa ardhi. Kanyaga kwa kisigino. Vuta ncha kwa vidole viwili: mche ukitoka, kanyaga tena. Kwa ua wa miti, hupandwa miche 5 kwa kila mita, katika mistari miwili iliyopishana. Ardhi ikiwa imeganda au maji yamesimama, kiongozi ataahirisha, na anafanya sawa; mwulize tarehe mpya kabla hujaondoka.